Sijaja Marekani Kulima Pombe

Corvallis, Oregon

Mama, Mjomba, Mama Mkubwa na wote mliokaa barazani,

Dhumuni la barua hii ni kujibu mashtaka.

Mdogo wangu, wewe unayewasomea, pitisha macho kimyakimya kwanza kabla hujapaza sauti. Kuna mahali nimeandika RUKA. Ukifika hapo, kohoa kidogo, uruke.

Nimesikia kwamba Pangani nzima, kuanzia kivukoni hadi sokoni, inajua kuwa mtoto wenu amepelekwa Marekani kwa dua na michango, naye amefika huko analima pombe. Aliyeanza simtaji. Ila ile picha niliyopigwa shambani nilimtumia mtu mmoja tu, na mtu huyo anauza vocha.

Jibu la kwanza: pombe hailimwi, pombe hupikwa. Mimi nalima hopsi, mmea unaotambaa ambao maua yake hutiwa katika bia ili iwe chungu na isiharibike upesi. Mjomba anajua, na sitauliza amejuaje, kwamba tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu, jioni kali, na likilala siku mbili tatu unaweza kulitia kwenye kachumbari kama siki. Hopsi inazuia baadhi ya vijidudu vya kuchachisha. Wachagga wanatia gome la msesewe katika mbege, huku wanatia hopsi. Nilipomsimulia profesa wangu habari za msesewe alitoa daftari akaandika, akaniuliza jina linavyoandikwa, herufi moja moja. Siku hiyo nilitembea kifua mbele hadi bwenini.

Nanyi msidhani ni jambo la kujificha vichochoroni. Hapa Corvallis, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, serikali ya Marekani imekuwa ikifanya utafiti wa hopsi tangu miaka ya 1930. Maktaba ya chuo imefungua hata hifadhi ya kumbukumbu za hopsi na utengenezaji wa bia, mwaka 2013. Yaani mtu anaaga, anakwenda maktaba kusoma habari za bia, na wazazi wake wanafurahi.

RUKA HAPA. Mdogo wangu, hili ni letu wawili. Kisayansi, hopsi na bangi ni ukoo mmoja. Ukisugua maua yake kiganjani utaona kabisa kwamba babu yao ni mmoja. Lakini hopsi haina kile kitu kinachompandisha mtu kichwa. Ni ndugu wawili waliolelewa nyumba moja: mmoja akafungwa, mwingine akaajiriwa kiwandani. MWISHO WA KURUKA. Endelea kwa sauti, na kama Mjomba ameuliza mbona umenyamaza, sema mtandao ulikuwa unasumbua.

Sasa Mama, ile siku ya simu ya video ulipoona mikono yangu imechorwachorwa ukapiga kelele kuuliza nani kanipiga: hakuna aliyenipiga. Shina la hopsi lina vinywele vigumu vilivyopinda kama ndoana, ndivyo vinavyolisaidia kukwea. Ukilipitia na mkono mtupu linakukwaruza kama paka aliyelazimishwa kuoga, kisha jasho linaingia. Wenzangu wote walivaa mikono mirefu na glavu. Mimi nilivaa fulana, kwa sababu jua lilikuwa kali na mimi mtu wa pwani, nitaogopaje majani? Nimenunua mashati matatu ya mikono mirefu mtumbani. Ndiyo, mtumba upo hata huku, ila hapa hauvuki bahari.

Shamba lenyewe mkiliona mtadhani watu wanajenga ghala wakaishiwa mabati. Nguzo ndefu, mita tano na nusu kwenda juu, na nyaya zimevutwa kileleni kutoka nguzo hadi nguzo. Wakati wa baridi hakuna kitu, udongo mtupu. Mmea umekufa juu, mizizi iko chini inangoja. Machi unachipua. Mei hadi Juni unakwea kama mtu anayekimbia deni. Nilifunga uzi mwekundu kwenye ncha ya mmea mmoja jioni, kesho yake jioni nikarudi na rula: sentimita 24. Wakubwa wa shamba wakanicheka, wakasema siku ya joto zuri hufika 30. Kijana wa Mama Mkubwa tulimpima ukutani mwaka mzima hakufika hapo.

Unakwea kwenye nini? Kwenye kamba. Na hapa, Mama Mkubwa, sogeza kiti.

Mwezi wa Aprili tuliletewa marobota ya kamba za kufunga juu kwenye zile nyaya, kila kamba imeshakatwa kwa urefu wake. Nikakata mkanda wa robota la kwanza. Kabla sijaangalia, pua ilishajua. Ile harufu ya makumbi yaliyofukuliwa pwani maji yakitoka, matope, chumvi, na kitu kama jamvi bichi. Nikashika moja. Usumba! Kamba ya makumbi ya nazi, ya rangi ya kahawia, inachoma viganja vilevile, imesokotwa nyuzi mbili vilevile. Niko Marekani, digrii 44 kaskazini ya ikweta, mnazi wa karibu sijui uko bahari gani, na nimesimama shambani na robota la kamba kama anazosokota Mama Mkubwa.

Zinatoka Sri Lanka, Mama Mkubwa, kwa hiyo usianze kudai. Nimeuliza kwa nini wasitumie nailoni kama watu wenye pesa. Wakanieleza: usumba unakwaruza, vile vinywele vya shina vinapata pa kushika. Tena una nguvu ya kubeba mmea mzito uliolowa hadi mavuno, na mavuno yakifika unakatwa pamoja na mmea, unaoza pamoja nao, hakuna plastiki ya kuokota. Nikawaambia kwetu wanawake hufukia makumbi kwenye matope miezi kadhaa, wakayafukua, wakayatwanga kwa mchi hadi zibaki nyuzi, wakasokota kwa viganja wakisengenya watu. Sehemu ya kusengenya niliifasiri kama "mkutano wa kubadilishana taarifa".

Basi nilipewa kazi ya kufunga kamba juu. Walisikia natoka kwenye minazi wakadhani mimi mkwezi. Sikukanusha. Ninyi mnajua kwamba mara moja tu nilipanda mnazi, nikateremshwa na watu wanne. Namshukuru Mungu huku hawakwei kwa miguu. Kuna jukwaa linalovutwa na trekta, unasimama juu unafunga mafundo huku trekta inasonga. Aliyenifundisha fundo ni mzee mmoja wa Mexico aliyeanza kazi za hopsi akiwa kijana. Mimi nikifunga moja, yeye ameshafunga manne na anapiga mluzi.

Mzee huyohuyo ndiye aliyeniona siku ya fedheha. Mei inapofika unachagua machipuo mawili matatu yenye nguvu, unayazungushia kamba kwa mkono, mengine unakata. Nikasema hii kazi naijua, likizo zote nilikuwa Lushoto nikizungusha maharage ya Babu kwenye miti. Nikazungusha safu nzima, mimea zaidi ya arobaini, mgongo ukauma, nikapigwa picha. Ndiyo ile picha.

Asubuhi nikaikuta yote imejifungua. Si kuzaa, Mama, nazungumzia kujifungua kama kanga iliyofungwa na mtu mwenye haraka. Imelala chini, vichwa juu, inanitazama. Mzee akaja, akaangalia, akacheka hadi akashika nguzo. Kisha akainua kidole, akakizungusha hewani kama anayekoroga uji, akakielekeza juani, mashariki kwenda magharibi. Ukiangalia kutoka juu, maharage hukwea kinyume cha mishale ya saa. Hopsi hukwea kufuata mishale. Ukiilazimisha upande wa maharage haibishani nawe. Inangoja uondoke, inafungua. Nikarudia safu nzima, naye akanisaidia nusu bila kuambiwa.

(Mjomba, najua umeshafikiri kwamba maharage yanazunguka kama mahujaji wanavyotufu, na hopsi inazunguka kinyume. Naomba hilo lisiingizwe katika ushahidi.)

Mnauliza kwa nini msipande wenyewe hapo Pangani mkatajirika. Haitakubali kwa urahisi. Hopsi inataka siku ndefu wakati wa kukua, ndipo zipungue iweke maua. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na kitu, linazama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, kama karani wa serikali. Hapa mwezi wa Juni jua linazama saa tatu usiku. Mara ya kwanza nilikaa nikingoja magharibi iingie hadi njaa ikanitoa machozi, na wala haikuwa Ramadhani. Ndiyo maana viwanda vya bia vya kwetu huagiza hopsi yao ng'ambo.

Jambo jingine: mimea yote mliyoiona pichani ni majike. Hopsi ina dume na jike mbali mbali, na maua yanayotakiwa ni ya jike. Kwenye mashamba mengi ya biashara dume likionekana linang'olewa, maana likichavusha maua yanajaa mbegu. Madume wachache wanatunzwa na watafiti kwa ajili ya kuzalisha aina mpya, nao wanawekwa mbali, kila mmoja na kibao chake. Dada yangu aliyeachika ameniandikia kuuliza kama wanaajiri.

Na kuzalisha aina mpya si kazi ya mtu mwenye pupa. Kuna aina moja maarufu iliyotoka hapa hapa Corvallis, inaitwa Cascade. Mbegu yake ya kwanza ilipatikana mwaka 1956, kwa kuchanganya damu ya hopsi ya Uingereza na ya Urusi. Ikatolewa kwa wakulima mwaka 1972. Miaka 16! Muda wote huo haikuwa na jina, ilikuwa namba 56013. Nikawaambia wenzangu kwetu Mlingano, Muheza, kuna katani iliyozalishwa ikapewa namba 11648, ikalimwa mpaka China, na hadi leo inaitwa kwa namba, jina haijapata. Wakasema masikini.

Agosti mwishoni tulivuna. Mmea unakatwa na kamba yake, unapelekwa kwenye mashine inayochambua maua, kisha maua yanakaushwa kwa hewa ya moto. Nilichukua ua moja bichi, linafanana na tunda dogo la msonobari la karatasi ya kijani, nikalipasua katikati kwa kucha. Ndani, chini ya kila gamba, kuna unga wa manjano, ungeapa Mama ameshika binzari. Unanata. Ukiusugua unanukia ganda la balungi, na nyuma yake kwa mbali mchaichai. Huo unga ndio mali, vingine vyote ni kanga ya kuufungia. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Mama, mwarobaini una huruma.

Sasa hukumu. Mjomba, ile malta ya kopo unayokunywa harusini na kila Idi, ile isiyo na kilevi, unayosema inasafisha damu: mwambie msomaji ageuze kopo asome yale maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mara nyingi utakuta maji, kimea cha shayiri, sukari, na baada ya hapo hopsi. Sisemi zaidi.

Babu wa Lushoto nimesikia bado hapati usingizi. Wazungu tangu zamani hujaza hopsi kavu kwenye mto, wakasema harufu yake inaleta usingizi. Mzee wa Mexico anaapa kwamba ni kweli, kwamba wavunaji husinzia. Nilishashona foronya, nikajaza, nikalalia usiku mmoja. Nililala hadi saa nne nikakosa darasa, ingawa huenda ilikuwa uchovu.

Nakuja Desemba, Inshallah. Ila huo mto hautakuja. Nimewaza foleni ya forodha pale uwanja wa ndege, afisa anafungua begi langu, ananusa. Mdogo wangu, sababu unaijua. Wao waambie ni uzito wa mizigo.

Wenu mtiifu,
mkulima wa maua.