Sendofu ya Chuo

Katika ukoo wetu, mtu anayedaiwa na Bodi ya Mikopo huhesabiwa kuwa mtaalamu wa elimu ya juu. Mtaalamu huyo ni mimi. Nilisoma kwa mkopo, nikaajiriwa, na sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 makato yakapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15. Tangu hapo hati yangu ya mshahara huisoma nikiwa nimekaa. Kwa hiyo mpwa wangu alipofaulu kidato cha sita, dada yangu hakunipigia simu tushangilie. Alinipigia kunikabidhi faili.

Kozi yenyewe ilituletea maneno. Mtoto alisoma mchepuo wa PCB, na kwa watu wetu PCB ina mlango mmoja tu: koti jeupe, Muhimbili. Yeye akasema anataka udaktari wa mifugo, Chuo Kikuu cha Sokoine, hapo hapo Morogoro wanapoishi, miaka mitano. Bibi yake alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ng'ombe wenyewe ndio watakaomlipa. Shemeji yangu, ambaye alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake kijiweni kwamba presha zao zimepata mganga, alilala bila kula. Mimi nilimuunga mkono mtoto. Chuo kinafikika kwa daladala, na anayelala kwao halipi hosteli.

Ndipo ikaja fomu. Fomu ya mkopo inataka uoneshe kwamba huna uwezo, na shemeji ametumia maisha yake yote kuonesha kinyume. Ndiye wa kwanza mtaani kuweka dari ya jipsamu. Gari lake halijawaka kwa miaka, lakini kila Jumamosi linaoshwa. Tulipofika kwenye kazi ya mzazi aliniambia niandike mfanyabiashara.

"Biashara gani, shemeji?"

Akafikiri. "Andika mbalimbali."

Nikamweleza kwamba kadiri mzazi anavyoonekana kujiweza, ndivyo mkopo unavyopungua, na pengine mtoto akose kabisa. Akaangalia dari, akanitazama mimi. "Basi andika mkulima."

Kabla ya kutambuliwa kuwa huna hela unalipa kwanza Sh 30,000 za maombi. Hilo shemeji alilipokea vizuri. Alisema angalau linaheshimu mtu.

Cheti cha kuzaliwa hutakiwa kuhakikiwa RITA. Dada alikitoa kwenye sanduku la chini ya kitanda, kikiwa katikati ya picha za harusi na kadi za kliniki. Kwenye jina la baba paliandikwa Mashine. Enzi hizo shemeji alikuwa beki, washambuliaji wote wa Morogoro wakimjua kwa jina hilo, na alipoulizwa hospitalini anaitwa nani alijibu kama alivyozoea kuitwa. Vyeti vya shule vya mtoto vina jina lake halisi. Ikabidi mzee mzima aende kwa wakili kuapa kwamba yeye na Mashine ni mtu mmoja. Wakili alisimamisha kalamu. "Mashine? Yule beki?" Tukapunguziwa bei, ila tulikaa pale mpaka jioni tukisimuliwa penalti moja ambayo, kwa maelezo ya wote wawili, haikuwa penalti.

Kutoka hapo, ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alisoma fomu taratibu, mstari kwa mstari, akavua miwani.

"Mzee Mashine, si wewe uliyesimama kwenye harusi ya mwanangu ukaahidi laki tano?"

"Ni mimi, mwenyekiti."

"Na haijafika mpaka leo."

"Iko njiani."

Mwenyekiti akapulizia muhuri, akaugonga kwa nguvu. "Hii nathibitisha kwa moyo mweupe kabisa."

Kilichobaki kilikuwa mdhamini. Kundi letu la ukoo la WhatsApp lina watu wengi wenye furaha. Matokeo yalipotoka palijaa makofi, mashada ya maua na "daktari wetu". Niliposema tunahitaji mtu mmoja wa kutia saini, mwenye kitambulisho na picha ya pasipoti, kundi likatulia ghafla. Mmoja akatuma salamu za Ijumaa, na ilikuwa Jumanne. Mjomba wetu mkubwa, aliyesoma Mlimani enzi za Mwalimu serikali ikilipa, akatutumia ujumbe wa sauti mrefu akitushangaa tunahangaikia nini. Huo uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya 1990, yeye alikuwa na shahada yake ukutani. Mwishowe aliyejitolea ni bibi. "Leteni niweke saini mimi," alisema. "Wakija kunidai, mtawaonesha makaburi."

Jina la mtoto halikuwamo katika awamu ya kwanza. Awamu ya pili likatoka: fedha za chakula na malazi amepata, za vitabu amepata, ada amepewa kipande. Shemeji aliposikia kwamba bumu, yaani hiyo fedha ya chakula na malazi, ni Sh 10,000 kwa siku (awali ilikuwa 8,500), na kwamba mwanawe ataipata huku akila ugali wa nyumbani, aliuliza kama mzazi anaruhusiwa kuomba nafasi.

Ada iliyobaki tuliipeleka kwa ukoo. Hakuna aliyekuwa na hela. Mwezi mbaya, shule za watoto, mvua. Ndipo dada, ambaye ana akili kuliko sisi wote, akasema tusiite mchango wa ada. Tuite sendofu. Kadi zikachapishwa, singo Sh 50,000, dabo 80,000, na watu walewale wasiokuwa na hela wakaanza kuuliza rangi ya sare.

Mimi nikawa katibu. Bajeti ilikuwa na ukumbi, chakula, mapambo, keki, video, muziki, MC na nauli ya wazee wa kutoka Kilosa. Ada ilikaa chini kabisa, baada ya "Mengineyo". Hesabu zilipozidi makadirio, mjumbe mmoja, kwa nia njema kabisa, akapendekeza tuondoe ada. Wajumbe wawili waliunga mkono kabla dada hajatoka jikoni.

Ada ikabaki, mpiga video akaondoka. Ukumbi ulijaa. Keki ilikuwa na umbo la ng'ombe, na bibi ndiye aliyekata kichwa. Mpwa wangu, kruta aliyetoka JKT juzi, aliingia kwa mwendo wa gwaride ingawa muziki ulikuwa wa taratibu. Kisha MC, ambaye naamini alisomea kazi yake mahali pa siri panapofundishwa kuaibisha watu, akatangaza ahadi, akampa kipaza sauti baba wa binti.

Shemeji alisimama, akafunga vifungo vya koti, akatazama ukumbi mzima. "Mimi kama mzazi," akasema, "naahidi laki tano!"

Vigelegele. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa ahadi. Mwenyekiti wa mtaa, aliyekaa jirani yangu na sahani yake ya pilau, akaniinamia sikioni.

"Katibu, hiyo andika kwa penseli."