Wananchi Mnatangaziwa

Wapo waliosifu farasi, wapo waliosifu majahazi, na wapo wanaosifu wake zao hadharani ili wasamehewe ya chumbani. Mimi nimefika kwenye foleni ya sifa kwa kuchelewa na nimekuta kila kizuri kimeshabebwa. Kilichobaki pembeni, kimejaa vumbi, vipaza sauti vyake viwili vimefungwa kwa kamba ya katani, ni pikapu ya matangazo ya manispaa yetu. Basi nitaisifu hiyo. Na kwa kuwa gari ni punda tu, sifa kubwa nitampa aliyepanda mgongoni: Tangazo lenyewe, lile la msimu, linaloanza na "Wananchi mnatangaziwa" na kuishia popote kona ilipo.

Kwanza nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla hajajulikana ni wa nani. Babu yake Tangazo ni mbiu, lile pembe lililopulizwa watu wakaacha majembe na kutoka. Kulikuwa na jamaa yao mwenye cheo, siwa, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, lakini siwa ilikuwa ya wakubwa na shughuli zao. Mbiu ndiyo iliyokuwa ya watu wote. Wahenga wakasema likilia la mgambo lina jambo. Utazame uangalifu wa wahenga: walisema lina jambo, hawakusema jambo gani, wala siku gani. Tangazo letu limerithi tabia hiyo bila kupunguza hata chembe. Mgambo wenyewe waliachana na mbiu zamani. Siku hizi huzifikia meza za wamachinga kimyakimya, na anayelia ni mwingine.

Jina la mji wetu nitalimeza, kwa sababu nina kibanda ukingoni mwa barabara na rangi nyekundu ya kuandikia X haijapanda bei. Itoshe kusema tuko upande wa nchi wenye mvua mbili: vuli, ya Oktoba hadi Desemba, na masika, ya Machi hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya msimu, kwa ile lugha yake ya mvua za wastani hadi juu ya wastani, na wakulima wenye haraka huufuata. Sisi wenye subira hungoja gari. Gari likipita na kunguruma, "Safisheni mitaro, mvua za masika zinatarajiwa," jirani yangu hutoa mahindi yake uani na kuyaanika. Miaka yote niliyokaa naye ukuta kwa ukuta sijaona punje iliyolowa. Saa inayochelewa leo dakika tano na kesho arobaini ni takataka, lakini saa inayochelewa siku zote kwa kiasi kilekile ni saa sahihi kabisa, ukishaijua. Sisi tumeshaijua yetu. Ikihimiza tupande miti, tunajua jua limekuja kukaa. Ikituonya tusichome nyasi, tunafunga madirisha, maana kilima kimeshawaka.

Lakini sifa ya kwanza ya Tangazo kwangu ni ufasaha. Nawasihi walimu wa Kiswahili watoe darasa nje nusu saa, wakae chini ya mwembe, walisikilize. "Mnatangaziwa." Na nani? "Imebainika." Kabaini nani? "Hatua kali za kisheria zitachukuliwa." Kwa mkono upi? Ule mnyambuliko mdogo wa kutendwa au kutendeka, ambao wanafunzi huuona adhabu, umebeba manispaa nzima: idara zote, magari yote, posho zote, na humkuti mtu hata mmoja ndani yake. Kisha huja kito: "Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza." Usumbufu haukuletwa na yeyote. Unajitokeza wenyewe, kama uyoga baada ya mvua, na manispaa inaukuta barabarani sawa na sisi tunavyoukuta. Atakayekaidi, hata hivyo, huyo ana mwili na anwani, na anangojewa na faini au kifungo au vyote viwili kwa pamoja. Katika sentensi nzima, mtendaji mwenye nafsi ni mkaidi peke yake.

Sifa ya pili ni kwamba linaunganisha jamii, na hapa naomba nisikimbizwe.

Mtaa wetu una shimo mwanzoni, karibu na meza ya mama muuza maandazi. Gari likifika shimoni hupunguza mwendo, basi yeye husikia vizuri maneno ya mwanzo. Baada ya shimo barabara inanyooka, dereva naye anakumbuka ana mitaa kumi na moja mbele yake, anakanyaga mafuta. Kijiwe cha bodaboda hupata maneno ya katikati, yakiwa yamechanganyika na muziki. Kinyozi aliye kwenye kona hupata mwisho. Mimi, nikaaye kati ya kijiwe na kinyozi, hupata "…kwa wale wote ambao…" na vumbi. Kwa hiyo hakuna mkazi wa mtaa huu anayeweza kujitosheleza. Ukitaka kujua umetangaziwa nini ni lazima utoke, usalimie, ukae.

"Shikamoo mama. Gari umelisikia?"

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mwanzo tu. Nenda kwa wale vijana wa pikipiki, wao ndio wana mbele yake."

Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, gari lilikuwa na matangazo mawili kwa mkupuo. La kwanza lilihusu chanjo ya kichaa cha mbwa, maana siku ya dunia ya ugonjwa huo ni tarehe 28 ya mwezi huo. La pili lilihusu leseni za biashara. Mama wa maandazi alisikia "wananchi wote wenye mbwa na paka mnatangaziwa." Kijiweni walinasa "ambao hawajalipia leseni za biashara." Kinyozi akamalizia "kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni, atakayekaidi…" Tulikaa kikao pale kwa kinyozi, tukaunga vipande, na hoja ikakubalika kwa kauli moja. Mzee wetu fundi viatu, mtu mtiifu kuliko sisi sote, alimfunga mbwa wake kamba Ijumaa saa tisa akampeleka ofisi ya biashara. Alirudi ametulia. Akasema foleni haikuwa ndefu, na karani, bila kuinua uso, alimwomba TIN ya mwombaji.

Lipo pia Tangazo la karatasi, ndugu yake asiyesema. Hubandikwa kwenye nguzo ya umeme kwa uji wa sembe, na muhuri wake wa buluu hugongwa kwa heshima zote juu ya tarehe. Lile la kuonya kwamba mifugo inayozurura mjini itakamatwa lilikaa nguzoni kwetu siku mbili, kisha mbuzi wakalila. Silalamiki. Ni nani mwingine aliyewahi kulizingatia kwa kina namna hiyo?

Wakosoaji husema Tangazo halifanyi kazi. Hawa ni watu wasioelewa kazi yake ni ipi. Masika moja maji yaliingia nyumba za bondeni, yakafika vitandani. Siku ya pili alikuja bwana mmoja na buti za mpira na faili. Akatazama alama ya matope ukutani, akauliza, "Kwani hamkutangaziwa?" Tukajibu kwa aibu kwamba tulitangaziwa. Akaandika. Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Kazi ya kuzuia maji ni ya mtaro. Tangazo limewekwa kuzuia lawama, na lawama kwetu haina msimu, hufurika mwaka mzima. Mtaro unataka bajeti, zabuni, kokoto, nondo, na mhandisi aliyeamka mapema. Tangazo linataka petroli ya kuzunguka mji na kijana mwenye koo zuri. Pima mwenyewe kwa akili ya mfanyabiashara.

Nisiwe mnafiki. Chupa zilizoziba karavati zilikuwa zetu. Tulipopigwa marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 tulitii, kisha tukaendelea kutupa kila kitu kingine. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nimejificha ndani mara nyingi kuliko nilivyoshika reki. Desturi ya mafagio ilipata nguvu mpya tangu ile 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru ili nchi nzima ifanye usafi, na Tangazo hutukumbusha kila mwezi bila kuchoka: maduka yote yafungwe hadi saa nne, kila mtu afagie mbele ya mlango wake. Fagio langu lilivunjika mpini Agosti. Mafagio huuzwa dukani. Duka limefungwa kupisha usafi. Nawaachia wanafalsafa.

Lipo Tangazo moja tu ambalo manispaa yenyewe hulitii, nalo ni la Mwenge. Mwenge wa Uhuru ulipandishwa kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na Alexander Nyirenda, na sasa kila mwaka huzunguka nchi nzima. Gari likishatangaza siku utakayopita kwetu, hutokea mambo ambayo ingekuwa zamani tungeyaita karama. Greda, ambalo tuliambiwa ni bovu, linapona. Barabara inachongwa. Kifusi kinamwagwa kwenye shimo la mama wa maandazi, na kwa wiki mbili anaketi hana habari yoyote, kwa kuwa gari linampita kasi kama linavyowapita wengine. Mawe ya pembeni yanapakwa chokaa. Mitaro inazibuliwa, ndiyo, mitaro ileile. Nimewahi kuwaza kwamba tungeuomba Mwenge upite hapa kila mwisho wa Februari tusingehitaji kutangaziwa masika tena. Lakini basi tungepoteza mengi.

Na tumeshapoteza. Zamani Tangazo la kodi ya majengo lilikuwa tamu kuliko yote. Lilianza kali mwezi wa Mei, likalainika kadiri 30 Juni ilivyokaribia, mwaka wa fedha ukielekea kufungwa, hadi siku za mwisho tukawa hatuitwi wananchi tena bali "wadau wapendwa wa maendeleo." Tangu Agosti 2021 kodi hiyo imehamia kwenye LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa ukinunua umeme, kimya, hakuna gari wala muziki, na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji, ambaye jengo lenyewe si lake. Pesa inatoka vilevile. Lakini hakuna aliyeniita mpendwa tangu siku hiyo.

La kipindupindu bado lipo, Mungu alilinde, maana linaokoa watu wakilisikia zima. Vuli iliyopita lilipita asubuhi: chemsheni maji ya kunywa, naweni mikono kwa maji tiririka. Mchana likapita gari jingine, la wenye mabomba: wakazi mnatangaziwa kuwa huduma ya maji haitapatikana kwa muda usiojulikana. Nyumbani kwangu tulitii nusu ya maagizo yote mawili. Mkaa tulikuwa nao.

Nimalizie na siku ya juzi, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ilikuwa mvua, ile ya juu ya wastani. Gari lilikuja kuwatangazia wakazi wa mabondeni wahame. Likashuka bondeni kwenyewe, kwa moyo wa kazi ambao siwezi kuukejeli, na pale karavati lilipozibwa na chupa zetu, likazama hadi ekseli. Kijana wa kutangaza alifungua mlango, akatazama maji, akatazama viatu vyake. Alikuwa ameshika kipaza sauti na alisahau kukizima.

"Jamani sukumeni! Sukumeni, jamani, sukumeni!"

Sauti ilipanda kilima, ikapita msikitini, ikapita kanisani, ikafika stendi. Mji mzima uliisikia, mwanzo wake, katikati yake na mwisho wake. Watu walitoka. Vijana wa bodaboda walikuja, kinyozi akaja na aproni yake, fundi viatu akaja na mbwa. Tulisukuma tukiwa zaidi ya thelathini, na gari likatoka.

Jioni nilipita kwa mama wa maandazi, nimelowa. Akanikaribisha kigoda, akanimiminia chai, kisha akainama karibu nami, kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, hilo la kusukuma nimelisikia. Mwisho wake lini?"