Breki Inayozima Taa

"Kanyaga," akasema afande. Nikakanyaga. "Achia." Nikaachia. "Kanyaga tena." Kituo kizima cha daladala pale Tabata, saa moja jioni, kiliacha kusubiri magari kikatugeukia sisi. Taa mpya ya nyuma ya pikipiki yangu, ambayo muuzaji wa Kariakoo aliisifu kuwa ni ya kispoti, inawaka vizuri tu mpaka niguse breki. Nikigusa, inafifia.

"Kaka," mpiga debe mmoja akauliza kwa sauti ileile ya kuitia abiria, "hicho chombo kinasimama au kinasinzia?" Hata afande alicheka, ila kalamu yake haikupumzika.

Sasa sikilizeni, maana jambo lenyewe ni tamu. Balbu ni moja lakini ina nyuzi mbili: mdogo wa wati 5, ili uonekane usiku, na mkubwa wa wati 21, wa breki. Kila uzi una waya wake wa kuuletea umeme, ila ya kurudi betrini ni njia moja tu kwa zote mbili: ethi. Uzi mdogo hauhitaji hata nusu ampia; mkubwa unataka karibu ampia 2. Ethi ikizibwa na kutu au rangi, umeme wa ule mdogo bado unapenya, taa inawaka, na fundi anakwambia "iko poa." Kanyaga breki sasa. Mkondo unaongezeka, volti nyingi zinaishia palepale penye kizuizi, balbu inabaki na makombo, nyuzi zote mbili zinanyauka. Yaani umeongeza moto, ukapata giza! Nilipoelewa hilo nilisahau faini, nikakesha uani nikikanyaga breki kwa raha zangu.

Fundi hakuona raha yoyote. Alibadilisha balbu. Akabadilisha fyuzi. Akashuku balbu imeingizwa kinyume, jambo lisilowezekana bila nyundo, kwani pini zake mbili za ubavuni zimewekwa kimo tofauti makusudi. Akaishia kwenye betri, maana fundi akiishiwa, mkosaji huwa betri. Nikachukua testa mwenyewe, nikagusa ganda la chuma la balbu huku breki imekanyagwa, mahali pasipotakiwa kuwa na volti. Testa ikawaka.

Taa ile ina nyaya mbili tu. Ethi yake inategemea bolti ishike chuma cha fremu. Bolti imeshika bamba lililopakwa rangi nyeusi nzuri sana, isiyopitisha umeme. Na waya wa ethi wa pikipiki, wa kijani kwa mtindo wa Honda, ulikuwa hapohapo, umekatwa na kufungwa tepu, kwa kuwa haukupata mwenzake.

Hapa kicheko kinaniisha. Kiwanda kimebania kipande cha waya. Muuzaji hakutoa hata karatasi ya mchoro. Fundi amelipwa kwa kila kosa. Mwenye faini ni mimi. Na nyuma yangu lingekuwa lori badala ya afande, ningelipa kwa uti wa mgongo.

Indiketa za LED nilizofunga baadaye zinapepesa mbiombio, kwa kuwa flasha ya zamani imezoea mzigo wa balbu. Honi inalia nikikata kushoto. Hiyo siigusi: ndicho kifaa pekee kinachowaambia watu ninachofanya.