Mdogo Wangu Anataka Saa ya Duara

Leicester, Uingereza
Novemba, usiku

Shangazi, Baba mkubwa, na wengine nyote hapo Mukendo, Musoma, wa mlimani na wa barabarani: jua la huku mwezi huu linazama saa kumi jioni. Ukitoka zamu ya mchana unakuta giza limeshatanda na mtu wa kumlaumu hayupo.

Naandika kwa sababu ya mtu mmoja, naye anajijua. Amenitumia picha ya saa janja, ya duara, kioo cheusi, imevaliwa na mzungu mwenye misuli anayekwea mwamba. Chini yake ameandika: "Dada, hii si ghali huko." Sisi wa ughaibuni sentensi hiyo tunaifahamu kuliko wimbo wa taifa. Huku hakuna kitu ghali, mpaka ukiulize bei. Kabla sijajibu, Shangazi akatuma sauti ya dakika saba, sita zikiwa salamu na ya saba ikisema, "Mnunulie tu mtoto." Mtoto ana ndevu, Shangazi. Lakini nimekusikia, nimekwenda kuangalia, na haya ndiyo niliyoyaona.

Katikati ya mji huu kuna mnara wa saa uliojengwa mwaka 1868. Una nyuso nne, zote za duara, na unaonyesha saa bure kwa tajiri na maskini. Hatua chache kutoka hapo kuna maduka yanayouza saa za kuvaa ambazo kazi yake ya mwisho kabisa ni kuonyesha saa. Galaxy Watch 7 ya Samsung, iliyotoka Julai 2024, ilianza kuuzwa huku pauni 289. Ukiigeuza kuwa shilingi inakaribia milioni moja. Najua bei yoyote ikifika hapo nyumbani inageuzwa tena kuwa mabati, basi geuzeni, nawasubiri.

Mmerudi? Tuendelee na umbo, maana mwenzetu amesisitiza: duara, si pembe nne. Kumbe wenye viwanda nao wamebishana hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Apple walipoanza kuuza yao Aprili 2015 walichagua pembe nne na hawajageuka hadi leo. Motorola walishatangulia mwaka 2014 na ya duara, Moto 360, nzuri ajabu, ila chini ya kioo ilikuwa na kipande cheusi kilichokatwa, Wamarekani wakaipachika jina la tairi lililoisha upepo. Google walikuja na ya duara, Pixel Watch, mwaka 2022. Samsung, mabingwa wa duara, mwaka 2025 wametoa Galaxy Watch 8 yenye kioo cha duara juu ya mwili unaokaribia pembe nne. Huo ni msimamo wa mjumbe wa kikao cha harusi: anakubaliana na upande wa bwana harusi, anakubaliana na upande wa bibi harusi, na mchango hatoi.

Hesabu ya darasani inawapendelea wa pembe nne. Duara likiingia kamili ndani ya mraba hujaza asilimia 78 na nusu hivi. Zilizobaki ni pembe, na pembe ndiko maneno yanakokaa. Kwa hiyo kwenye saa ya duara maandishi husukumwa katikati, mstari wa juu mfupi, wa chini mfupi, na kinachobaki kusomeka ni kiunoni. Sasa chukua ujumbe wa Baba mkubwa wa kuitisha kikao cha ukoo, unaoanza na salamu kwa kila tawi, ukapita kwa marehemu, ndipo ukafika kwenye ajenda. Mdogo wangu, ungeusogeza kwa kidole mpaka alama ya dole gumba iishe na NIDA wakukatalie kitambulisho.

Hapo nilikuwa nimeshaamua: hapana. Kilichonirudisha nyuma ni saa yenyewe, namaanisha saa tunazohesabu sisi.

Mnajua ninavyoteseka kuwapigia. Huku ni saa tatu usiku, najiambia nyumbani ni saa sita kwa kuwa mmetutangulia saa tatu majira ya baridi. Lakini simu yangu haisemi saa tatu, inasema 21:00. Basi natoa kumi na mbili, natoa sita, naongeza tatu, na nikimaliza hesabu Shangazi ameshalala. Mwezi Machi wanasogeza saa mbele, Oktoba wanairudisha, na ninyi ambao jua lenu halibadiliki kwa zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima mnadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Hakuna kampuni hata moja kati ya nilizozitaja iliyoniuliza kama siku yangu inaanza usiku wa manane au jua linapochomoza.

Ipo dawa ya tarakimu, na ni ya kihuni. Kwenye saa yako ongeza mji wa pili, lakini usiandike Musoma. Andika São Paulo. Mji huo wa Brazil uko nyuma yetu saa sita kamili, na tangu mwaka 2019 Wabrazili wameacha mchezo wa kusogeza saa. Kwa hiyo saa moja asubuhi ikigonga Mukendo, São Paulo inaandika 1:00. Saa nne asubuhi, 4:00. Saa kumi na mbili jioni, 12:00. Ukitaka mashine ya kisasa ikubali saa za kwetu, sharti uidanganye kwamba ndugu zako ni Wabrazili. Hapa kazini wameniona na São Paulo kwenye simu, na wameanza kuniuliza habari za mpira.

Ya duara haihitaji uongo huo. Ukiiwekea uso wa mishale, unafanya tulivyofundishwa wote mbele ya saa ya ukutani: mshale mfupi uko kwenye saba, tupa jicho upande wa pili, kuna moja. Uko kwenye kumi, upande wa pili kuna nne. Mtu wa kwetu anasoma saa kwa kuvuka duara, ndiyo maana hata saa isiyo na namba hatuhangaiki nayo. Ni kweli ya pembe nne nayo inaweza kuchorewa mishale, ila inakuwa duara dogo lililofungiwa ndani ya sanduku, na kwenye pembe wanajaza hali ya hewa na bei za hisa. Kwa hoja hii moja namtetea mdogo wangu: kwetu duara lina kazi. Yeye hakuitoa hoja hii. Hoja yake ilikuwa "inapendeza, dada."

Nikaenda Belgrave Road, mtaa wa Wahindi wenye maduka ya dhahabu na saa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki, wakiwemo wa Uganda, Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972. Baraza la mji huu lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasije Leicester. Wakaja, na leo mji unajitangaza kwa sherehe zao za Diwali. Mzee mmoja mwenye duka, mzaliwa wa Jinja, aliposikia Musoma aliacha Kiingereza palepale na kuanza kuulizia sato. Nikamweleza shida. Akacheka, akatoa saa ya mishale ya kawaida, akasema, "Dada, hii ikiharibika nafungua, natengeneza. Hiyo ya kijana wako nikifungua, natupa." Ni mfanyabiashara, ana lake. Ila hakusema uongo: mwaka 2023 Google wenyewe walikiri kwamba Pixel Watch ikipasuka kioo hawana huduma ya kuitengeneza. Fundi saa mwenye lenzi jichoni na meza ya kioo barabarani hataiweza.

Mwenzangu mmoja kazini, Mnigeria, aliniazima yake ya duara wikiendi moja ili nijaribu kabla ya kuingia hasara. Shangazi, kile kitu kina mwanga wa kijani tumboni. Damu hunywa mwanga wa kijani, moyo ukisukuma damu nyingi mwanga unaorudi unapungua, na kwa kuhesabu hivyo saa inajua mapigo. Najua swali lako: je, mwanga huo unaijua ngozi yetu? Swali la haki. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba vile vibanio vya kidoleni vya hospitali vya kupima oksijeni vilipitwa na upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wazungu. Kwa mapigo ya moyo kwenye saa, watafiti wa Duke mwaka huo huo hawakuona tofauti kubwa kati ya ngozi na ngozi. Hivyo moyo iamini kiasi, oksijeni nenda hospitali.

Hatua ndizo zilizonivunja mbavu. Saa inahesabu hatua kwa mkono kupunga. Nilikwenda sokoni, nikasukuma kitoroli dukani kutwa, mkono umeshika chuma haupungi, na saa ikanionya kwamba nimekaa mno, niinuke. Nilipofika nyumbani nikasonga ugali. Ikatetemeka kwa furaha, ikanipongeza kwa mwendo mzuri. Shangazi, wewe ukisonga wa watu kumi, tena wa udaga, saa itaandika umekwenda Bweri na kurudi. Ukitoka Mwigobero na beseni la samaki kichwani, mkono mmoja umeshika beseni, itategemea umeivaa mkono upi: huu unapanda mlima Mukendo, ule umelala.

Na zile hatua elfu kumi wanazozihubiri hazikutoka kwa daktari. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo. Watafiti wa Harvard mwaka 2019 waliona kwa akina mama wazee kwamba faida inaanza kuonekana kwenye hatua 4,400 na baada ya 7,500 hivi haiongezeki. Zote hizo Shangazi unazimaliza kabla ya chai.

Wanasifia pia kwamba saa hizi zinajua ukianguka na kupiga simu ya dharura. Watu wanaoteleza kwenye theluji kule Colorado wamewapigia watu wa dharura bila kujua, kwa kuwa saa na simu zao zilidhani ni ajali. Mwenzetu hupanda bodaboda kila siku. Saa itapiga 112 huku yeye akibishana nauli.

Kuhusu chaji: Pixel ile ya kwanza ilitengenezewa saa ishirini na nne, Apple kwa miaka mingi waliahidi kumi na nane kwa matumizi ya kawaida. Huawei Watch GT, duara vilevile, wanaahidi hadi wiki mbili, kwa kuwa ndani yake hamna mambo mengi. Kwa mji ambao umeme huaga bila taarifa, hiyo ya mambo machache ndiyo yenye akili. Baba mkubwa anatucheka wote, maana Seiko 5 yake inajijaza kwa kutembea tu. Malipo msiulize. Huku unaigusisha kwenye basi, nauli imekatwa. Huko mama lishe anataka lipa namba, na sijaona saa inayoweza kupiga nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli.

Mtaniuliza, wewe mwenyewe umejinunulia ipi? Hakuna. Tangu mwaka 2008 hospitali za England zimekataza wahudumu wa wagonjwa kuvaa saa ya mkononi, mikono iwe wazi chini ya kiwiko kwa ajili ya usafi, na nyumba ya wazee ninayofanyia kazi inafuata hivyo hivyo. Nina saa ya kubandika kifuani, inaning'inia kichwa chini ili niisome mimi. Ni ya duara, ya mishale, ya pauni chache, na inasomeka kwa mtindo wa Mukendo vizuri sana ukivuka upande wa pili.

Basi uamuzi wangu ni huu. Zile za milioni sinunui, hata Shangazi atume sauti ya saa nzima. Ya duara ya mambo machache, inayokaa na chaji wiki mbili, naweza kufikiria bei ikishuka, tena kwa sharti kwamba hesabu ya mabati ya nyumba ya Mama imekamilika kwanza.

Kuna kitu kimoja tu kinanizuia kuulizia bei. Saa hizi huchagua simu: tangu 2021 za Samsung hazishikamani na iPhone, na ya Apple haishikamani na simu nyingine yoyote isipokuwa iPhone, kwa hiyo lazima nijue una simu gani. Kwenye picha ya juzi niliona tofaa lililong'atwa, lakini binamu ananiambia lile ni kava. Mdogo wangu, niandikie jina la simu iliyomo ndani. Pima na kifundo cha mkono kwa uzi, usikisie. Na jibu uandike wewe, usimpe Shangazi arekodi.

Ni mimi dada yenu.