Sifa za Mwereka

Ubao tulikuwa nao. Milima tulikuwa nayo, mitatu. Kilichopungua ni theluji, na theluji nayo ni pambo tu la mchezo wa ubao wa theluji. Kiini chake ni mwereka. Koti nene, miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma, tiketi ya kupandishwa mlimani kwa waya, yote hayo ni nauli ya kumfikisha mtu mahali atakapoangukia. Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, pwani ya Kenya, twafika kwa miguu.

Mambo yalianzia maskani kwetu Chaani, jioni moja, kahawa chungu ikizunguka. Mwenzetu aliye Dubai, mlinzi, alituma video. Kule, ndani ya jengo la maduka, tangu 2005 wana kilima cha theluji chenye mteremko wa mita 400. Nje jua la jangwani lakaanga lami, ndani baridi iko chini ya sifuri. Mwenzetu kafungwa miguu yote miwili kwenye ubao mmoja, kama kuku wa Kongowea, na akashuka vizuri sana, mikono kaitandaza mithili ya mwewe. Halafu, puu! Kakaa chini, macho yamemtoka, ubao uko mbele yake unamtazama.

Tuliitazama video ile si chini ya mara ishirini. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Hebu rudisha pale alipokuwa akiteleza." Kila mara ilikuwa, "Rudisha pale alipokaa." Nikasema moyoni, basi tumekuwa tukimsifu asiyestahili. Mashairi yameandikwa juu ya ushindi, ya mapenzi ndiyo hayahesabiki, lakini mwereka, unaowachekesha watu wengi kwa gharama ndogo namna hii, nani ameutungia hata ubeti?

Na tazama elimu iliyomo. Mtu aweza kuishi miaka arobaini na tano, akaoa, akajenga, akakopa akalipa, bila kujua kwamba ana kifandugu. Ni kijifupa kidogo, kimejificha mwisho wa uti wa mgongo, hakidai chochote. Mwereka mmoja tu na mtu anakuwa bingwa wa somo hilo. Mwenzetu alitueleza kwa ujumbe wa sauti kwamba baada ya kuanguka hakuweza kukaa kwa siku nne. Alilinda lango akiwa wima zamu nzima, na mkubwa wake akamsifu mbele ya wenzake kwa nidhamu. Sifa hiyo hakuipata kwa kuteleza.

Tukaamua nasi tufanye ziara yetu ya milima. Tulikuwa watatu: Fundi wa Mshomoroni, Mwalimu wa Mtongwe, na mimi, wote wenye vitambi vya kuheshimika. Mimi nilichukua karara la mnazi, lile tulilokuwa tukikalia utotoni, lililojikunja kama mtumbwi. Fundi, kwa sababu ni fundi, hakutaka vitu vya porini. Alikata mtungi wa manjano wa lita 20 katikati kwa msumeno wa chuma, akazipitisha kingo motoni mpaka zikalainika zisimkate mapaja, akatoboa tundu mbili mbele na kufunga kamba ya kushikia. Tulimcheka. Baadaye nikajifunza kwamba ubao wa theluji wenyewe ulianza vivyo hivyo. Siku ya Krismasi ya 1965, huko Muskegon katika jimbo la Michigan, Marekani, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen aliunga mbao mbili za kuteleza zikawa moja ili mabinti zake wacheze, kisha ukaongezwa uzi wa kushika puani mwa ubao. Tofauti ya Poppen na Fundi ni baridi tu.

Mlima wa kwanza ulikuwa Mikindani, kwenye mteremko wa udongo mwekundu unaoshuka kuelekea mikoko. Sitakaa sana hapo. Mwalimu aliomba atangulie, akaanguka kabla hajaondoka, yaani wakati wa kukaa. Huo nao ni mwereka halali.

Lakini ukiwa Mikindani, barabara ya kwenda Mazeras na Rabai iko karibu, na Rabai haipitiki kimyakimya katika habari hizi. Ni kutoka Rabai mmisionari Johannes Rebmann aliondoka, na tarehe 11 Mei 1848 akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwongozaji wake hakuwa na jina la kitu kile, akakiita baridi, basi. Jina zuri, hata leo sioni lililoshinda. Habari ilipofika London, bwana mmoja mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akaikataa: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Alishikilia neno lake miaka kadhaa, hata baada ya Baron von der Decken kuupanda mlima wenyewe mnamo 1861 na 1862 na kuishuhudia. Huo ndio mwereka ninaouheshimu kuliko yote. Kuanguka mlimani ni rahisi. Kuangukia theluji ya Kilimanjaro ukiwa umekaa kitini London, hicho ni kipaji.

Wiki ya pili tukaenda Nguu Tatu, Kisauni. Jina lenyewe latosha: ng'ambo nzima hii hakuna mahali palipojiita vilele vitatu kwa ujasiri kama huo. Ilikuwa kaskazi, nyasi zimekauka na kulala, utelezi mzuri kuliko zulia. Watoto walishajipanga. Akapita bibi mmoja na kuni kichwani, akasimama.

"Nyie mijibaba mizima, mwatafuta nini huko juu?"

"Twafanya mazoezi, bi mkubwa," akajibu Mwalimu.

"Mazoezi ya kufa?"

Fundi hakumsikia. Alikuwa ameshakaa ndani ya mtungi, magoti yanagusa kidevu, kamba mkononi. Watoto wakamsukuma. Kwa kitambo alipendeza kweli. Shati lilijaa upepo likawa tanga. Katikati ya mteremko palikuwa na kisiki kisichozidi ngumi. Mtungi ulisimama. Fundi hakusimama.

Hapo nikaona jambo ambalo video ya Dubai haikuonyesha. Kabla watoto hawajaanza kucheka, yule bibi, pamoja na ukali wake, alishasema, "Pole, mwanangu." Neno lilimtoka lenyewe. Mijibaba mizima ilikwisha, kukawa na mwana. Mtu akipata cheo lazima achinje ndipo asikie pongezi, tena nusu yake za kinafiki. Akipiga mwereka, mtu asiyemjua atampa pole ya kweli na kumfuta vumbi mgongoni. Kuni zilitua chini, na bibi akamchunguza Fundi kiwiko kama mtoto aliyetoka madrasa akilia.

Mwereka una ndugu yake, kushika mkia, naye nitamtaja maana ametutoa Wakenya kimasomaso. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipokea ubao wa theluji kwa mara ya kwanza, na ilimpokea pia Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo, miaka miwili tu tangu alipoanza mazoezi ya theluji Finland. Kwenye mbio za kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa ameshamaliza kitambo, lakini alimsubiri Boit na kumkumbatia, sherehe za medali zikangoja. Niulize nani alikuwa wa tatu siku ile: mimi sina habari naye. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Na ukipita Kisauni, ukaendelea Mtwapa mpaka Kilifi, umefika alikozaliwa Sabrina Simader, aliyekulia Austria na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye michezo hiyo, PyeongChang, 2018. Nilipowaambia watoto wa Nguu Tatu kwamba mtu wa Kilifi hushuka milima ya theluji, mmoja aliuliza kama naye huanguka. Nikamwambia lazima. Akaridhika.

Mlima wa tatu ulikuwa nyumbani kwa Mwalimu, Mtongwe. Fundi, kiwiko kimefungwa manjano na chumvi, alianguka tena. Mwalimu alianguka mara mbili na kupoteza ndara moja. Mimi nilishuka na karara langu mpaka chini, salama, nikajisikia mtu wa Austria. Kusema kweli, katika ziara nzima ni mimi peke yangu ambaye sikuanguka, na njia nzima niliwakumbusha.

Tukarudi jioni kwa feri, Mwalimu akitusindikiza. Kulikuwa kumenyesha manyunyu, yale ya ghafla ya pwani. Lango likafunguliwa, umati ukamwagika ule mteremko wa Likoni, nami nimo katikati, karara begani kama kombe la ushindi. Muuza njugu akaniuliza, "Hiyo wauza bei gani, mzee?" Nikageuka kumjibu.

Sikuwa na ubao, sikuwa na nyasi. Saruji iliyolowa na ndara zilizolika zilitosha. Niliona anga, kisha miguu yangu mwenyewe, kisha anga tena. "Pole baba! Pole! Poleni jamani!" zilitoka kila upande, kwa mamia. Mikono mitatu ikaninyanyua, mtu mwingine akaniletea karara langu. Kifandugu nikakitambua mara moja, ingawa hatukuwahi kujuana.

Ndani ya feri kijana mmoja akaniinukia kwenye benchi. Nikamshukuru, nikabaki nimesimama. Mwalimu na Fundi walikuwa wameinamia simu moja, mabega yanawatetemeka, na kabla hatujagusa ng'ambo video ilikuwa imeshafika Dubai.