Kilemba kwa Mwanagenzi

"Habari zenu wakuu. Nataka kutengeneza gemu kama GTA, ila ichezwe na watu elfu kumi kwa wakati mmoja. Programu sijawahi kuandika. Nianzie wapi?"

Aliyeuliza hivi katika kundi letu la waandika gemu wa jioni, watu ambao mchana tuna kazi nyingine, alipata majibu kumi na saba, na hakuna hata moja lililomwambia aanzie wapi. Wa kwanza alimkumbusha kwamba GTA V ya mwaka 2013 ilijengwa na timu ya watu zaidi ya 1,000. Wa pili alitaka kujua kama anafahamu hesabu za vekta. Wa tatu, kwa upole wa mtu anayejizuia, alimshauri aanze na Pong. Hapo wa nne akaruka juu: Pong ya mwaka 1972 haikuwa na mstari hata mmoja wa programu, Allan Alcorn aliiunga kwa saketi tupu, kwa hiyo wa tatu hajui asemalo. Wa tano akauliza ni lugha ipi iliyo bora, C++ au C#, na yaliyofuata hayasimuliki mbele ya watoto. Kufikia alfajiri mabingwa walikuwa wamechaniana kanzu. Mwanagenzi mwenyewe alishalala zamani.

Huyo ndiye ninayetaka kumvika kilemba leo. Najua vipo vilemba vya ukoka. Hiki nimekisokota kwa uangalifu, mbuzi asije akakila njiani.

Kwanza nimsifu kwa ufupi wa maneno. Mabingwa huandika kurasa tatu kueleza hitilafu moja, yeye hutosheka na maneno mawili: "Haifanyi kazi." Haifanyi nini, haifanyi wapi, ilianza lini kutofanya, hayo ni mapambo. Ukimbana sana atakuletea picha. Atakuwa ameipiga kwa simu, skrini imelala upande kama jahazi lililopigwa na kusi, na juu ya mistari ya kodi (hii yetu haipelekwi mamlaka ya mapato) unaona kivuli cha mpigaji, pazia la maua na sahani ya wali. Ujumbe wa kosa, ambao kompyuta ya watu imejitahidi kuutaja kwa jina la faili na namba ya mstari, umekatwa. Basi hapo ndipo bingwa hupimwa. Kusoma kosa kwenye ujumbe wa kosa kila mtu anaweza. Lisome kwenye wali.

Nimsifu pia kwa kutopenda makuu. Akishapata ufumbuzi hasimulii. Husema tu, "Nimeshapata, asanteni," akaondoka na siri yake kama mganga wa zamani. Miaka sita baadaye wewe umekwama palepale, saa nane za usiku, unapekua mazungumzo ya kale, na kumbe duniani amewahi kutokea mtu mmoja tu aliyepatwa na yaliyokupata. Unashuka mbio hadi mwisho wa maneno yake. Nimeshapata, asanteni.

Lakini sifa yake kubwa ni kutojua kwake, na hapa naomba nikae kidogo. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth kule Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walianzisha lugha ya BASIC ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, bingwa wa mabingwa, aliandika kwamba wanafunzi walioonja BASIC wameharibika akili kiasi kwamba kuwafundisha programu nzuri karibu haiwezekani. Walioharibika hawakupata habari hiyo. Walikuwa wameinama kwenye kitabu cha David Ahl cha gemu za BASIC, wakinakili mstari kwa mstari, na toleo lake la mwaka 1978 likawa kitabu cha kwanza cha kompyuta kuuza nakala milioni moja. Wengi wa walioandika gemu za kompyuta za nyumbani miaka ya 1980 walianzia kwenye uharibifu huohuo.

Mwaka uleule wa 1978, Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alitoa Space Invaders. Kichakataji chake kilikuwa dhaifu, kikilemewa na kuchora wavamizi wote kwa pamoja. Kila mmoja alipokufa mzigo ulipungua, na waliobaki wakaenda kasi zaidi, hadi yule wa mwisho akawa anakimbia kama mwizi wa kuku. Nishikado aliona, akaiacha ilivyo. Hitilafu hiyo, ya mwendo wa gemu kutegemea nguvu za mashine, ndiyo kila mwanagenzi huileta kwetu mpaka leo, na kila mara tunamrukia kwa sauti moja: zidisha kasi kwa muda wa fremu! Angekuwepo bingwa wa kundi letu pale Taito, angeisahihisha kabla ya chai ya saa nne, na wavamizi wangeteremka kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama watu wanaosindikiza jeneza.

Au chukua VVVVVV, gemu ya Terry Cavanagh ya mwaka 2010. Ilipotimiza miaka kumi aliifungua kodi yake ili kila mtu aione. Mabingwa walifungua wakashika vichwa. Sehemu kubwa ya hadithi imewekwa katika swichi moja ndefu kama treni ya mizigo: hali ikiwa namba hii fanya hivi, ikiwa namba ile fanya vile, mamia ya hali, kila moja na namba yake. Waandishi wa Celeste nao, gemu iliyotoka 2018 na kutunukiwa mwaka uleule, walionyesha faili la mhusika wao mkuu. Lina mistari zaidi ya elfu tano, peke yake. Walikemewa na watu ambao hawajawahi kumaliza gemu.

Nawajua watu hao. Mmoja ameijenga injini yake tangu mwaka 2014. Ina mwanga, ina vivuli, ina namna yake ya kugawa kumbukumbu ya mashine, na imesafishwa hadi ukiisoma unatamani kuvua viatu. Gemu haina. Ina mchemraba mmoja unaozunguka. Unang'aa, nakiri, kuliko mchemraba wowote niliowahi kuuona, na nimeuona sana, kwa sababu ni wangu.

Sikuzaliwa na mchemraba. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa na maadui arobaini, na kwa kuwa sikujua kuna kitu kinaitwa safu, nilitengeneza vigeu arobaini: adui1, adui2, adui3, hadi mwisho. Adui23 nilimsahau katika hesabu ya risasi, hivyo hakufa kamwe. Binamu zangu wawili, ambao ndio waliokuwa wachezaji wangu wote ulimwenguni, walimpa jina la Mzee na wakawa wanampisha kwa heshima. Nilimuuliza mjuzi mmoja wa wakati ule namna ya kumuua. Alinijibu, "Soma kitabu." Kitabu gani, hakusema. Nami nimelirudisha jibu hilo kwa wengine mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, maana urithi haukataliwi.

Yule wa GTA alirudi baada ya wiki tano. Hakuwa na watu elfu kumi. Alikuwa na uwanja wa kijani, nyumba sita za rangi ya chungwa na kisanduku chekundu chenye magurudumu manne, alichokiita daladala. Aliambatanisha swali: "Wakuu, gari linapita ndani ya kuta, haifanyi kazi, nifanyeje?"

Majibu yalianza kumiminika. Mmoja alitaka kuona kodi yote, mwingine alisema kodi hiyo ifutwe yote, wa tatu akaanza hesabu za kwatenioni, ambazo hazikuhusu kitu. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaifungua gemu yenyewe na nimeingia na daladala ndani ya nyumba ya nne, natokea jikoni.