Makala, Bukari na Mpelelezi wa Gaborone

Riwaya ya mapenzi ya kuchekesha, yaani ile ambayo msomaji anajua mapema kwamba wawili hao wataoana na bado anaifuata hadi mwisho ili ahakikishe hakudanganywa, ina hasara zake ambazo wahakiki wamezipuuza. Huko Kolwezi hasara hizo hupimwa kwa bukari, jina ambalo watu wa Katanga wameupa ugali, kwa kuwa msomaji huketi na kitabu chake kando ya mbabula, jiko la bati linalokula makala. Na makala hapo, ieleweke kwa watu wa pwani, ni mkaa wa kupikia wala si maandishi ya gazetini, ijapokuwa vyote viwili vina desturi ya kumalizika kabla jambo halijaiva.

Mfano mzuri ni riwaya ya Alexander McCall Smith, mzaliwa wa Bulawayo, iliyotoka mwaka 1998 na kupewa kwa Kifaransa jina la *Mma Ramotswe détective*. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni hadithi ya upelelezi, lakini kitabu ambacho mkosaji wa sura nzima ni mamba aliyemmeza mume wa mtu kwenye ubatizo mtoni, na ambacho humalizika kwa posa ya fundi magari aliyekwisha kukataliwa mara moja, hakina budi kuhamishiwa rafu ya vicheko. Baba yake Precious Ramotswe, ndiye huyo Mma Ramotswe wa jina la kitabu, akiwa kitandani pa kufia, alimwagiza auze ng'ombe afungue biashara, pengine bucha. Binti alipomjibu kwamba atafungua ofisi ya upelelezi, mzee alitoa macho, akataka kupinga, akafa kabla hajamaliza neno.

Mzee huyo alikuwa mchimba migodi Afrika Kusini, na hapo ndipo msomaji wa Kolwezi anapoinama zaidi juu ya ukurasa, maana kampuni ya migodi ya Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 mwaka 2003 na 2004, na nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kujua kwamba mshahara wa mgodi ukikauka, sinia ya mama sokoni ndiyo kampuni. Biashara ya ajabu haimshangazi mtu anayepajua Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti hata ndani ya nyumba zao, sebule ikawa shimo. Kinachomchekesha ni kwamba wateja wa Mma Ramotswe huko Gaborone hulipa, bila nyongo. Nyongo ni deni kwa Kiswahili cha Katanga na maji machungu ya ini kwa Kiswahili cha pwani, tofauti ambayo mwenye duka yeyote ataiona kuwa ndogo.

Posa ya pili inapofika, mkono mmoja umeshika ukurasa na mwingine umeusahau mwiko. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto huuliza kama kuna kitu kinachoungua, huambiwa asubiri kwanza, fundi anaposa. Naye huvuta kiti, akataka kujua kama safari hii mama amekubali, na kaa lake huzimikia kwenye kibati. Jioni hiyo nyumba mbili hula mkate, tena wa nyongo.